Diski ya Kuhifadhi Mtu

Mpaka leo sijajua ni vipi diski tupu iliijaza diski iliyojaa.

Nimewauliza wanaojua kompyuta. Wote hunijibu kwa sauti ile ya upole ambayo watu huwawekea wagonjwa: uligeuza, kaka. Ulichagua hii badala ya ile. Hutokea. Basi mimi huwaonyesha picha niliyoipiga kwa simu kabla sijabonyeza. Diski ya mama iko kushoto, ndiyo inayotoa. Diski mpya iko kulia, ndiyo inayopokea, na chini yake pameandikwa kwamba haina kitu. Wanaitazama picha. Wananirudishia simu. Wanaanza kuzungumzia mvua.

Siwalaumu. Hata mimi ningependa kuamini kwamba niligeuza.

Mama yangu alikuwa mkunga. Alizalisha karibu mtaa mzima, na kwa miaka mingi hakuweza kwenda dukani bila kusimamishwa na mtu mzima mwenye ndevu anayetaka kumshika mkono. "Huyu alitanguliza miguu," angetuambia tukishampita, "ndiyo maana mpaka leo hafiki popote kwa wakati." Alikumbuka kila kichwa kilichopita mikononi mwake. Kwa hiyo kumbukumbu zilipoanza kumtoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua, na hakutuficha.

"Nirekodini nikiwa bado mimi," alimwambia dada.

Tukamrekodi. Dada yangu ni mshonaji na anafanyia kazi pale pale nyumbani. Alikuwa akisimamisha cherehani kila alasiri, mimi nikirudi kutoka kiwandani tunakotengeneza madaftari, tunaketi watatu. Tuliweka picha zote za zamani kwenye kompyuta yake ndogo ya kukunja, na kwenye kila picha mama alisema kwa sauti yake nani ni nani, nani alimwudhi nani, nani alizaliwa mvua ikinyesha. Baadaye, maradhi yalipokolea, tukawa tunamketisha mbele ya kompyuta hiyo kila jioni baada ya chai, asikilize sauti yake mwenyewe ikimweleza yeye ni nani. Saa hiyo aliiita "kuwaona wangu". Ilimsaidia. Siku nyingine, katikati ya picha, alikuwa akigeuka na kunivuta sikio. "Masikio haya! Nilipokuosha mara ya kwanza nilidhani nimezaa popo."

Kufikia wakati ninaousimulia, alikuwa hajanivuta sikio kwa muda mrefu. Lakini bado aliitikia kwa kichwa aliposikia sauti ile. Bado kulikuwa na uzi.

Kisha kompyuta ikaanza kugonga.

Ka-tak... Kimya. Ka-tak...

Fundi wetu anaitwa Bisibisi. Jina lake halisi sidhani kama hata wanaomdai wanalijua. Aliweka sikio juu ya mashine kama daktari, akafumba macho, akafumbua. "Diski inakata roho, kaka. Toeni nakala mapema, halafu mbadilishe." Alitaka kuondoka nayo kibandani. Dada alikataa katakata. Humo ndani, katika picha na sauti zile, mama alikuwa akilia, mama alikuwa amevaa nguo za kulalia, mama alikuwa akituomba msamaha kwa mambo ambayo hakuyafanya.

"Simwachi mama yangu alale mezani kwa watu pamoja na maredio mabovu," alisema.

"Sawa, shemeji," akajibu Bisibisi, ambaye alimwita dada shemeji kwa utani tu. "Basi fanyeni wenyewe. Ni kazi ndogo kuliko kubadilisha kitasa."

Akanieleza hatua zote, nami nikazirudia mpaka akaridhika. Yeye alikuwa anasafiri kwenda kumzika mjomba wake, na diski hakuwa nayo. Akanielekeza mtaa wanakouza vipuri vilivyotumika.

Nilifika jua likizama. Milango ya mabati ilikuwa ikishushwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kelele yake. Meza iliyobaki ilikuwa ya mwisho kabisa, na mwenye meza alikuwa mtu nadhifu kupita mtaa ule: shati lililopigwa pasi, kucha safi. Diski zake zilikuwa zimelazwa kila moja juu ya kipande chake cha kitambaa, kama miwani. Hapakuwa na harufu ya risasi ya kulehemu wala vumbi la mashine. Palinuka nguo. Nguo zilizofungiwa sandukuni muda mrefu.

"Ya kuhifadhi kazi," aliniuliza, "au ya kuhifadhi mtu?"

Nilicheka. Nilidhani ndio utani wa biashara yake.

"Ya mama," nikasema.

Hakucheka. "Yu hai?"

"Yu hai, ndiyo. Mbona unauliza?"

"Vizuri," alisema polepole. "Wengine huja wameshachelewa."

Alichukua diski moja kwa kitambaa, bila kuigusa, akaiweka kiganjani mwangu.

Ilikuwa na joto.

*

Dada alikuwa ameshasafisha meza ya kukatia nguo. Nikaitia diski mpya kwenye kiboksi chake cha nje, nikaiunganisha kwa waya, nikaifungua. Tupu. Dada aliinama akasoma mwenyewe, kwa sauti, maana ana tabia ya kupima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. "Tupu," alisema. "Ya mama kushoto. Mpya kulia. Piga picha."

Nikapiga picha. Nikabonyeza.

Mstari mdogo wa buluu ukaanza kujaa chini ya kioo.

"Saa ya wangu bado?" mama aliita kutoka chumbani.

"Bado kidogo, mama."

Diski ya zamani iligonga muda wote. Ka-tak... ka-tak... Tuliketi tukiusikiliza mlio ule kama watu waliokaa na mgonjwa, tukiomba usikome. Nje giza lilikuwa linaingia. Mstari ukakaribia mwisho.

Mlio ukakoma.

Dada alinishika mkono. "Imekufa?"

"Subiri."

Tukasubiri. Ndani ya ule ukimya tukasikia tena.

Ka-tak...

Haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka chumbani.

Tulimkuta mama amekaa kitandani, mikono mapajani, amenyooka kama mwanafunzi. Alikuwa akigonga ulimi kwenye kaakaa. Ka-tak... Kimya. Ka-tak... Mwendo ule ule. Dada alipomgusa bega akaacha, akatutazama wote wawili kwa zamu, akatabasamu tabasamu la mtu aliyekaribishwa nyumba asiyoijua.

"Hodi yenu vijana," alisema. "Samahani, mmenikuta nimekaa tu."

Nilirudi mezani. Nikazima kila kitu. Nikachomoa chaja, nikatoa betri, nikagusa chuma cha cherehani ili kutoa umeme wa mwilini, kama nilivyoelekezwa. Skrubu nilizitia kwenye kisahani cha vifungo cha dada. Nikafungua kile kifuniko kidogo, nikaitelezesha diski ya zamani ikatoka, nikaivua fremu yake, nikaivisha ile mpya, nikarudisha kila kitu mahali pake. Haikubaki hata skrubu moja. Niliwasha.

Picha iliyotokea hatukuwa tumewahi kuiona.

Watu wengi wamesimama mbele ya nyumba ya kawaida. Wanaume, wanawake, watoto wawili mapacha. Wote wamevaa vizuri, wote wanatazama kamera. Katikati yao kuna kiti cha mikono, cha mbao. Kitupu.

Nikafungua nyingine. Watu wale wale, sebuleni. Kiti kitupu katikati. Nyingine, mezani wanakula. Nyingine, wamezunguka keki. Kila picha kiti, na kila kiti kitupu. Ya kwetu haikuwepo hata moja, wala sauti. Nikairudisha diski ya zamani ndani, nikakosea skrubu, nikarudia. Nikawasha.

Watu wale wale. Kiti kile kile.

Na chini kabisa ya kioo, ule mstari wa buluu. Ulikuwa umebakiza upana wa unywele tu kujaa, na karibu yake palikuwa na kitufe kidogo kilichoandikwa: Maliza.

"Usiguse," dada alinong'ona.

Hatukusikia mama akija. Alikuwa nyuma yetu, bila fimbo yake ya kutembelea, amejiegemeza mlangoni, macho yake yameng'aa kama zamani.

"Aa! Wanangu," alisema.

Akaja akaweka kidole juu ya kioo. Akawataja. Mmoja mmoja, kutoka kushoto hadi kulia, bila kusita, majina ambayo hatukuyajua. Huyu ndiye mkubwa wao. Huyu ana kifua, hawezi baridi. Hawa mapacha, wa pili alitoka amejifunga kitovu shingoni. Alicheka. Aliomba chai, akainywa yote.

Dada alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja. Sikumwuliza analia lipi.

*

Siku ya pili tukaificha kompyuta kabatini. Mama alikaa kitandani kutwa nzima, amenyooka, ulimi ukigonga. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo kwa sababu hakukumbuka kumeza. Jioni dada hakuweza kuvumilia tena, akaileta, akaiwasha. Mama akainuka. Akala. Akamsifu dada kwa mshono wa pazia: "Una mkono mzuri, binti. Mama yako yuko hai?"

Basi ikawa hivyo. Tukiiwasha, tunampa mtu mwingine mama yetu. Tukiizima, hakuna anayempata.

Baadaye dada alianza kutafuta sweta ya mama. Alipekua kila mahali, akanilaumu mimi, akamlaumu jirani anayekuja kuanika nguo kwetu. Ilikuwa sweta ya kijivu. Kifungo chake kimoja kilipotea zamani, na dada, kwa kukosa cha kijivu, alikuwa ameshona chekundu.

Jioni, mama akiwa anawaangalia watu wake, dada alitoa sauti kama mtu aliyechomwa sindano.

"Mdogo wangu... Tazama kiti."

Kwenye mgongo wa kiti kile kitupu palikuwa pametundikwa sweta ya kijivu.

Nikaikuza picha.

Kifungo chekundu.

Baada ya sweta, ndala zake zilipotea nyumbani. Tukaziona zimepangwa chini ya kiti, ncha zikielekea nje, tayari kwa kuvaliwa. Kisha miwani yake, juu ya mkono wa kiti. Kila kitu kilipohama, ule mstari wa buluu ulisogea. Sijui upana wa unywele unaweza kugawanywa mara ngapi, lakini ulisogea. Na wale watu... Mwanzo walikuwa wanatazama kamera. Sasa walikuwa wameanza kugeuza shingo. Walikuwa wanakitazama kiti.

Bisibisi aliporudi kutoka mazikoni nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza akitafuna kijiti, akaniambia nipunguze kukesha. Kisha akakaa mbele ya ile mashine. Alichunguza kwa muda mrefu. Akaacha kutafuna.

"Huu mstari hautoki popote, kaka," alisema. "Hakuna programu inayoendesha. Nimezima vyote. Upo tu."

"Kirusi?"

"Mimi naua virusi tangu sijaota ndevu. Hiki siyo kirusi." Akasogeza kiti nyuma. "Na hii harufu ya sanduku mnaisikia?"

Tulikuwa tumeizoea.

Akatoa nyundo kwenye mkoba wake. Alisema njia ni moja: atoe diski zote mbili, azivunje, vipande avitupe. Alikuwa ameshalegeza skrubu ya kwanza. Mlio ukasikika chumbani, mwepesi, wa haraka kuliko siku zote. Ka-tak, ka-tak, ka-tak.

"Shemeji yako nakuuliza swali moja," dada alimwambia. Ndiyo mara ya kwanza kuitika jina lile. "Ukiivunja, na aliyemo ndani?"

Bisibisi aliitazama nyundo. Akairudisha mkobani polepole, akaikaza ile skrubu, akaondoka bila utani wowote. Tangu siku hiyo anatusalimia kwa heshima.

*

Nilirudi kwa yule muuza diski. Nilitarajia, sijui kwa nini, kwamba nisingeiona meza. Ilikuwepo. Naye alikuwepo, shati lake limepigwa pasi, akinisubiri kama mtu niliyeahidiana naye.

"Ni watu gani wale?" niliuliza.

"Ni watoto," alisema. "Hawana mama."

"Kile kiti kilikuwa cha nani?"

"Cha mama yao."

"Yuko wapi?"

"Aliisha."

Nilimkazia macho. Alikuwa anakunja kitambaa, pembe kwa pembe.

"Mama huisha, bwana," alisema. "Wanawe wanamtumia, anaisha. Hata wa kwenu mlimtumia ninyi kwanza."

Nilitaka kumkamata ukosi. Mikono haikuinuka. Nilimwambia nitamrudishia diski yake, sitaki hata pesa yangu.

"Rudisha. Lakini mama yako hayumo humo, wala hayuko kwenu. Yuko njiani. Ukiirudisha leo, atabaki njiani." Alisogea karibu, ile harufu ikanijaa puani. Alinong'ona, na katika sauti yake, naapa, palikuwa na huruma. "Msimwache katikati. Mtu haishi katikati. Mpelekeni, au mrudisheni."

"Tumrudishe na nini?"

"Na vitu vyake. Sauti yake mnayo? Picha zake?"

Nikazitazama diski zilizolazwa juu ya vitambaa.

"Nilikuuliza ile jioni," alisema. "Ukaniambia ni ya mama."

Nimemfikiria mtu yule mara nyingi. Siwezi kusema ni mchawi. Sikumwona akifanya lolote ila kukunja vitambaa na kumwuliza mteja anataka nini. Labda kuna watu ambao kazi yao ni kusimama tu mahali penye mlango. Labda naye ana mama mahali fulani.

*

Tulijaribu kumrudisha kwa midomo yetu. Dada alifunga kazi. Tulimsimulia mama maisha yake toka asubuhi hadi jua kuchwa, kama tulivyoyakumbuka; tukabishana mbele yake ni nani aliyezaliwa mvua ikinyesha. Tuliwaita watu aliowazalisha. Walikuja, wanaume kwa wanawake, wakapiga magoti mbele yake wakamwambia, mama, mimi ndiye yule. Mwenye ndevu aliyetanguliza miguu alikuja akiwa amechelewa, kila mtu ameshaondoka. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu kubwa.

"Hadithi nzuri," alimwambia dada jioni. "Huyo mama yenu alikuwa na bahati."

Kisha akaegemea mbele kidogo, akapunguza sauti ili asituudhi. "Asanteni sana kwa kunikaribisha, vijana. Lakini wangu wananingoja. Mbona hamnipeleki?"

Dada alitoka nje. Nilimkuta amesimama kwenye kamba ya kuanikia, ameshika nguo ya mama yenye maji, haiminyi wala haianiki.

"Anakonda," alisema.

"Najua."

"Tukizima, hamezi. Tukiwasha, anatuuliza njia." Akainusa ile nguo. "Hapa kwetu hamjui mtu, mdogo wangu. Hata mmoja. Kule anawajua wote. Unataka abaki hapa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake, au kwa ajili yetu?"

"Kule watamtumia mpaka aishe."

"Na hapa?"

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, na vingi kati ya hivyo humwambia mtu achague. Hakuna hata kimoja kilichoniambia afanye nini yule ambaye machaguo yake yote yanaelekea kaburini, na anachopewa ni kuchagua njia tu. Tulisimama pale mpaka jua likagusa mapaa. Ndipo tulipoamua. Wote wawili, kwa sauti, kusudi mmoja wetu asije akamtupia mwenzake baadaye. Tutampeleka. Kesho yake alasiri, kungali na mwanga.

Nilikuwa mimi ndiye nibonyeze. Mimi ndiye niliyeinunua, mimi ndiye niliyeifunga kwa mikono yangu. Hilo nalo tulikubaliana.

Dada alimwogesha mama, akamsuka nywele, akamvika gauni alilomshonea kwa ajili ya kustaafu, lile ambalo mama alisema ni zuri mno kulivaa. Tukamketisha. Nikawasha.

Wale watu walikuwa wamegeuka tena. Hawakukitazama kiti. Walikuwa wanatutazama sisi, wote, hata mapacha, na nyuso zao hazikuwa mbaya. Zilikuwa nyuso za watu waliosimama kituoni wakimsubiri mgeni wao ashuke. Sweta ilikuwa mahali pake. Ndala chini. Miwani juu ya mkono wa kiti. Mstari wa buluu ulikuwa umejaa, ila pale mwisho kabisa.

"Waambie wakutunze," dada alimwambia mama.

"Wananitunza siku zote, binti."

Nikaweka kidole juu ya kitufe. Maliza.

Sikuweza.

Nilijiambia bonyeza. Kidole kilikuwa changu na hakikunisikia. Nikamtazama dada, naye akaniona, akaelewa. Nikapiga magoti chini pembeni ya mama, nikalaza kichwa pajani mwake. Nguo ilinuka sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu ile jioni, haikunuka sanduku.

Mama akageuka kutoka kwenye kioo.

Nikahisi vidole sikioni mwangu. Vimekauka, vyepesi. Vilipapasa ukingo wa sikio taratibu, kama mtu anayesoma gizani. Kisha vikavuta.

"Masikio haya..." alinong'ona mama.

Niliinua kichwa. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama kijana mwenye nyumba. Ananitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imeanza kuunda neno lililofuata, nami nililijua, nililijua tangu utotoni. Nikafungua kinywa nimwambie dada asubiri.

Sikusikia sauti yoyote ya kitufe. Nilisikia tu dada akishusha pumzi.

Vidole vikalegea sikioni mwangu, kimoja baada ya kingine.

Mama aliendelea kupumua mpaka alfajiri, macho wazi, yakitazama mahali pasipo na mtu. Picha sikuitazama, na sijaitazama hata leo. Dada aliitazama, mara moja, kabla hajafunga kifuniko.

"Amevaa sweta," alisema.

Sijamwambia dada kuhusu lile sikio. Alikuwa amekaza macho kwenye kioo, hakuona wala kusikia, na usingizi anaoupata ni mchache. Mtu akiuliza nyumbani kwetu, tunamjibu sawasawa, bila kupishana: tuliamua pamoja, na aliyebonyeza ni dada.